Daraja Likivunjika Kwenye Myeyusho, Sumaku Yake Inamhusu Nani?

Kuna aina ya makala za kemia ya metali ambayo ukishasoma moja unaweza kuitabiri nyingine kabla hujafungua ukurasa wa pili. Kichwa kinaahidi mambo mawili kwa mpigo: tabia za kisumaku na tabia za kibiolojia za kampaundi changamano zenye daraja, yaani zile ambazo ndani yake atomi mbili au zaidi za metali za mpito zimeunganishwa na atomi, au kikundi cha atomi, kilichokaa katikati. Sehemu ya kwanza inapima sumaku ya unga mkavu kutoka kelvini 300 kushuka hadi kelvini 2. Sehemu ya pili inayeyusha unga huohuo, inaudondosha kwenye sahani ya bakteria na kupima upana wa duara tupu linalobaki pale bakteria waliposhindwa kuota. Baada ya hapo ni hitimisho na shukrani kwa wafadhili. Hutapata sentensi hata moja inayozikutanisha sehemu hizo mbili.

Sina ugomvi na sumaku, wala na bakteria. Ugomvi wangu ni na pengo lililoachwa kati yao. Kipimo cha sumaku kinafanyika kwenye fuwele, cha bakteria kinafanyika kwenye myeyusho. Kama daraja lilivunjika unga ulipoyeyuka, basi makala imepima vitu viwili tofauti na kuvipa jina moja. Kinachoudhi zaidi ni kwamba kifaa cha kujua kama daraja limevunjika kiko mikononi mwa watafiti haohao. Ni sumaku yenyewe.

Mfano uliofundisha fani nzima ni asetati ya shaba, chumvi ya rangi ya kijani na buluu inayopatikana karibu kila maabara ya kemia. Ioni ya shaba yenye chaji mbili ina elektroni tisa kwenye obiti zake za d, kwa hiyo moja inabaki bila mwenzi, na elektroni hiyo pweke ndiyo chanzo cha sumaku. Ioni ikiwa peke yake, hesabu rahisi ya spini, yaani usumaku mdogo ulio ndani ya kila elektroni, inaipa nguvu ya magnetoni za Bohr 1.73 (kizio cha sumaku ya atomi), na vipimo kwa kawaida huipata juu kidogo ya hapo. Asetati ya shaba haikutii. Kwenye halijoto ya chumba ilitoa takriban 1.4 kwa kila shaba, na ilipopoozwa ikaendelea kushuka mpaka sumaku ikapotea. Mwaka 1952 Bleaney na Bowers walitumia EPR, kipimo kinachonasa elektroni zisizo na mwenzi kwa mawimbi mikro ndani ya uga wa sumaku, wakatoa maelezo: ndani ya fuwele ioni za shaba haziishi mojamoja bali mbilimbili, na spini za kila jozi zinaelekea pande zinazopingana hadi zinafutana. Mwaka uliofuata van Niekerk na Schoening walichapisha umbo la fuwele kwa eksirei, na jozi zilikuwepo kweli: shaba mbili zilizotengana kwa pikomita 264, zimeshikwa na asetati nne kuzunguka pande zote. Sumaku ililiona umbo kabla ya eksirei.

Ilichukua muda kukubaliana kwamba shaba hizo haziongei moja kwa moja. Zimekaribiana mno, na wapo waliotaka kuchora bondi kati yake. Maelezo yaliyosimama ni kwamba mwingiliano unapita kwenye daraja, kwa njia ya oksijeni, kaboni na oksijeni nyingine, na tofauti ya nishati kati ya hali ya spini zinazopingana na hali ya spini zinazoelekea upande mmoja ni karibu cm⁻¹ 300, kwa kizio wanachopenda watu wa spektroskopia.

Swali lililofuata lilikuwa daraja linaamuaje. Jibu zuri kuliko yote lilitoka kwa kundi la Hatfield na Hodgson mwaka 1976. Walikusanya kampaundi ambazo shaba zake mbili zimeunganishwa na haidroksidi mbili, wakapanga nishati ya mwingiliano dhidi ya pembe ya shaba-oksijeni-shaba, na wakapata mstari ulionyooka. Pembe ikiwa chini ya digrii 97.5, spini zinaelekea upande mmoja. Ikipita hapo zinapingana, na kila digrii moja inayoongezeka inasogeza nishati kwa takriban cm⁻¹ 75. Ni michache mistari yenye adabu kama huu katika kemia ya metali. Maana yake kwa hoja yetu ni nzito: badiliko dogo la pembe, ambalo hakuna jicho lingeliona kwenye mchoro, linatosha kugeuza tabia ya sumaku. Molekuli ya kiyeyushi ikijipachika pembeni mwa shaba, pembe inasogea. Daraja lisipovunjika kabisa, bado halitakuwa lilelile lililopimwa kwenye fuwele.

Azidi, kikundi cha nitrojeni tatu zilizojipanga kwenye mstari, ina tabia mbili. Ikishika metali mbili kwa nitrojeni moja ya mwisho, mara nyingi spini zinaelekea upande mmoja. Ikizishika kwa ncha zake zote mbili, mara nyingi zinapingana. Wapenzi wa sumaku wanaipenda kwa sababu hiyo, na tutakutana nayo tena kwenye bakteria ikiwa na sura nyingine.

Upande wa sumaku tupu fani imefika mbali. Mwaka 1993 kundi la Florence la akina Sessoli na Gatteschi lilionyesha kwamba molekuli moja yenye manganizi 12, zilizofungwa pamoja na madaraja ya oksijeni na asetati, inatunza mwelekeo wa sumaku yake kwa miezi ikipoozwa karibu na kelvini 2. Miaka miwili baadaye kundi la Verdaguer huko Ufaransa lilitengeneza kampaundi ya vanadi na kromi yenye madaraja ya sianidi iliyobaki sumaku hadi kelvini 315, yaani nyuzi 42 za Selsiasi. Hiyo ni juu ya joto la mwili wa binadamu, jambo ambalo karibu kampaundi zote nyingine za kundi hili haziwezi hata kulisogelea.

Maumbile nayo yalijenga madaraja zamani. Pweza, kaa na buibui hawana damu nyekundu kama yetu. Oksijeni yao hubebwa na hemosianini, protini ambayo kila mahali pake pa kubebea pana shaba mbili. Oksijeni ikiingia, inajilaza kati ya shaba hizo kama peroksidi na damu inageuka buluu. Kwa hesabu ya chaji kila shaba sasa ina elektroni moja isiyo na mwenzi, hivyo EPR ilipaswa kupiga kelele. Haikupiga. Hemosianini iliyobeba oksijeni haina sumaku hata kwenye halijoto ya kawaida, na hilo liliwaambia wanabiokemia, kabla hawajaona umbo lolote, kwamba kuna daraja linalozifunga spini mbili kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1989 Nobumasa Kitajima alitengeneza kampaundi ndogo ya maabara ambamo peroksidi imelala ubavu kati ya shaba mbili, ikagusa kila shaba kwa oksijeni zake zote mbili. Tabia zake zilifanana na za hemosianini hivi kwamba alipendekeza protini nayo imejengwa hivyo. Mwaka 1994 fuwele ya hemosianini ya kaa-farasi, Limulus, ilimpa haki.

Huo ndio ushirikiano ninaoutaka: sumaku iliuliza swali kuhusu kiumbe, kampaundi ya maabara ikajibu, na fuwele ya protini ikathibitisha. Mimea ina kisa kinachofanana. Mahali ambapo maji hupasuliwa na oksijeni tunayovuta inazaliwa pana manganizi nne na kalsi moja, zilizoshikanishwa na oksijeni tano. Umbo hilo lilionekana wazi mwaka 2011, kundi la Kijapani la Shen na Kamiya lilipochapisha fuwele yake. Lakini tangu 1981 Dismukes na Siderer walikuwa wameshanasa mawimbi yake ya EPR, mistari mingi iliyosongamana ambayo manganizi moja haiwezi kuitoa. Miaka 30 kabla ya picha, sumaku ilishasema pale pana manganizi zaidi ya moja na zinaongea.

Hapa panahitaji uangalifu, maana ndipo wengi wanapoteleza. Pweza hahitaji usumaku pinzani, yaani spini zinazopingana, ili aishi; kwa sehemu kubwa sumaku ni alama ya daraja na kazi inafanywa na kemia. Nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu kuna suala moja la kweli. Oksijeni ya hewani ina elektroni mbili zisizo na wenzi, na hemosianini iliyoibeba haina hata moja, kwa hiyo njiani lazima spini igeuzwe, jambo ambalo sheria za kwanta hazilipendi. Edward Solomon wa Stanford na wenzake wamechambua jinsi mwingiliano wa shaba mbili kupitia daraja unavyoilainisha njia hiyo. Lakini huko ni mwingiliano wa mamia ya cm⁻¹, ndani ya mfuko wa protini uliojengwa kwa ajili hiyo. Hauna undugu na kampaundi iliyotupwa kwenye sahani ya bakteria.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwenye nyuzi 37, nishati ya joto inayotikisa kila kitu ni takriban cm⁻¹ 215. Kampaundi nyingi za daraja zinazoripotiwa zina mwingiliano wa cm⁻¹ chache, au makumi machache. Chukua jozi ya shaba yenye tofauti ya cm⁻¹ 10 kati ya hali zake mbili. Kwenye kelvini 300 nguvu yake ya sumaku inakuwa 1.72 badala ya 1.73, tofauti ambayo mizani ya Gouy, kifaa cha kawaida cha kupimia sumaku, haina uwezo wa kuiona. Kwa kizio cha kemia, hizo cm⁻¹ 10 ni kilojuli 0.12 kwa moli, ilhali bondi moja ya haidrojeni kati ya molekuli za maji ni karibu kilojuli 20. Anayeandika kwamba kampaundi yake inaua bakteria vizuri zaidi kwa kuwa spini zake zinapingana anadai kwamba mnong'ono huo unasikika katikati ya dhoruba. Na wapo wanaoandika. Wapo pia wanaotangaza usumaku pinzani kutokana na kipimo kimoja tu cha halijoto ya chumba, kwamba shaba imetoa 1.65, bila kupooza sampuli hata mara moja. Kosa la kupima uzito au kusahau maji yaliyonaswa kwenye fuwele linatosha kutoa namba hiyo.

Twende kwenye myeyusho. Kampaundi nyingi za aina hii haziyeyuki kwenye maji, hivyo huyeyushwa kwanza kwenye DMSO. Kiyeyushi hicho si mtazamaji. Kina oksijeni na salfa zenye tamaa ya metali, na kwa platinamu imeshaonyeshwa kwamba kinaiharibu sisiplatini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, kiasi cha kuifanya ipoteze makali. Daraja la kloridi au azidi lililoshikilia shaba mbili kwa ulegevu lina nafasi ndogo mbele yake. Likisalimika hapo linaingia kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria, uliojaa amino asidi na peptidi, ambazo ni ligandi (molekuli zinazoshika metali) hodari kuliko nyingi zinazotengenezwa maabara. Histidini inaikamata shaba. Kwenye damu, albumini inaishika kwa nguvu ambayo kampaundi nyingi za maabara haziwezi kushindana nayo. Ndani ya seli kuna glutathioni ya milimola 1 hadi 10, inayoweza kuirudisha shaba kwenye chaji moja, na shaba hiyo haina elektroni pweke kabisa. Mchoro wa sumaku wa ukurasa wa tano kwa wakati huo unaelezea kitu ambacho hakipo tena.

Nani basi anaua bakteria kwenye sahani? Mara nyingi washukiwa wanaonekana kwa macho lakini hawahojiwi. Wa kwanza ni shaba yenyewe: mchanganyiko wa Bordeaux, wa salfati ya shaba na chokaa, umekuwa ukizuia ukungu kwenye mizabibu tangu miaka ya 1880. Wa pili ni ligandi ya pembeni. Fenanthrolini, inayopendwa sana kufungia ncha za kampaundi za shaba, ina sumu yake kwa seli kwa sababu inapora metali zinazohitajika na vimeng'enya, na ikiungana na shaba moja tu, pasipo daraja lolote, inakata DNA, kama kundi la Sigman lilivyoonyesha mwaka 1979. Wa tatu ni daraja lililovunjika, na hapa azidi inarudi. Chumvi yake ya sodiamu huwekwa kwenye chupa za maabara kuzuia vijidudu kuota. Inafunga kimeng'enya cha mwisho cha kupumua ndani ya seli. Kampaundi yenye daraja la azidi inayoua bakteria inaweza kuwa chupa ya azidi iliyopambwa. Bila majaribio ya ulinganisho ya chumvi ya metali peke yake, ligandi peke yake, na azidi peke yake, zote kwa kiwango kilekile cha mola, jedwali la bakteria halijasema lolote kuhusu daraja.

Badala ya majaribio hayo tunapewa aya moja ambayo imezunguka kwenye majarida kwa miongo. Inasema kwamba metali ikifungwa na ligandi chaji yake inagawanywa, kampaundi inapenda mafuta zaidi, na hivyo inapenya utando wa seli kwa urahisi. Inataja nadharia ya Tweedy ya mwaka 1964 na kwenda zake. Wazo si la kipuuzi. Kasoro ni kwamba karibu hakuna anayelipima. Mgawanyo kati ya oktanoli na maji, kipimo cha kawaida cha kiasi gani kitu kinapenda mafuta, ni kazi ya siku moja au mbili, na haumo kwenye jedwali. Tena kampaundi nyingi za daraja ni ioni kubwa zenye chaji mbili au zaidi, na bakteria kama E. coli ana utando wa nje unaochuja molekuli kwa ukubwa. Kwa kampaundi kama hizo aya ile ina kazi ngumu ya kujieleza, na hairuhusiwi kuifanya kwa kunukuliwa tu.

Duara tupu kwenye sahani nalo lina udhaifu wake. Upana wake unategemea kasi ya kampaundi kusambaa ndani ya agari, hivyo molekuli kubwa isiyopenda maji inaweza kuonekana dhaifu kumbe haijasafiri. Kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji, kilichopimwa kwenye mchuzi, kingesaidia zaidi. Nisiendelee, hilo wameshalisema wataalamu wa vijidudu mara nyingi.

Asiyependa kelele zangu atauliza kama basi nataka metali ziachwe. Hapana. Mradi wa CO-ADD wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, unaopima bila malipo kampaundi zinazotumwa na watafiti, uliripoti mwaka 2020 kwamba kati ya kampaundi 906 zenye metali, 88 zilionyesha nguvu dhidi ya vijidudu bila kudhuru seli za mamalia, kiwango cha mafanikio takriban mara 10 ya kile cha molekuli za kikaboni zilizopimwa kwa njia hiyohiyo. Metali zinastahili kutafutwa. Kwa sababu zinastahili, inafaa kujua ni umbo gani lililofanya kazi, la sivyo mtu wa pili hataweza kuliboresha.

Na yapo madaraja yanayofanya kazi yakiwa mazima. Nyekundu ya rutheniamu ni rangi iliyotumika tangu mwishoni mwa karne ya 19 kuonyesha pektini kwenye seli za mimea. Ndani yake rutheniamu tatu zimepangwa kwenye mstari, zikiunganishwa na oksijeni mbili, na spini zake zimefungana kiasi kwamba haina sumaku. Miaka ya 1970 ilijulikana kama kizibo cha njia inayoingiza kalsi ndani ya mitokondria. Kisha likaja jambo linalopaswa kubandikwa mlangoni mwa kila maabara ya fani hii: sehemu kubwa ya nguvu hiyo haikutoka kwa rangi yenyewe bali kwa uchafu mdogo uliokuwamo, kampaundi ya rutheniamu mbili yenye daraja la oksijeni moja, iliyoitwa Ru360 kwa kuwa inafyonza mwanga wa nanomita 360. Mwaka 2019 kundi la Justin Wilson huko Cornell lilibadilisha oksijeni ya daraja kuwa nitrojeni na kupata Ru265, inayopenya seli vizuri zaidi na kustahimili mazingira ya ndani ya mwili. Badiliko kuu ni la atomi moja, tena ya daraja. Hapo mtu anaweza kusema bila kuona haya kwamba daraja lina tabia ya kibiolojia.

Kinyume chake ni BBR3464, molekuli ya platinamu tatu zilizounganishwa na minyororo mirefu ya diamini, iliyobuniwa na Nicholas Farrell na wenzake. Kwenye seli za maabara ilikuwa kali kuliko sisiplatini, hata kwa saratani zilizokuwa zimeizoea sisiplatini. Ilipofika kwa wagonjwa, kwenye awamu ya pili, matokeo hayakutosha na ikaachwa. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba kwenye damu inashambuliwa na salfa za protini na vipande vyake vinaachana kabla ya kufika inakotakiwa.

Kuna pia Buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 kama rangi ya wachoraji: chuma na chuma, zikiunganishwa na sianidi pande zote tatu za nafasi. Chini ya kelvini 5.6 ni sumaku. Kwenye utumbo wa binadamu ni dawa, kwa kuwa nafasi zilizomo kati ya madaraja zinanasa ioni za sesi na thali na kuzitoa na kinyesi. Mwaka 1987, sesi ya mionzi ilipovuja kutoka kwenye mashine iliyotelekezwa huko Goiânia, Brazil, wagonjwa 46 walipewa, na mwaka 2003 Marekani ikaiidhinisha rasmi. Inaweza kupunguza muda wa sesi kubaki nusu mwilini kutoka siku 110 hivi hadi 30. Inafanya kazi kwa sababu haiyeyuki: madaraja yake yanaingia na kutoka yakiwa mazima. Usumaku wake hauchangii chochote, na hakuna aliyewahi kuhitaji kudai hivyo ili ionekane muhimu.

Sasa kipimo. Tangu 1959, Evans alipoonyesha namna ya kusoma nguvu ya sumaku ya myeyusho kutokana na jinsi mstari wa kiyeyushi unavyosogea kwenye NMR, kipimo kinachosoma viini vya atomi ndani ya uga wa sumaku, hakuna tena kisingizio kwamba sumaku ni ya fuwele tu. Mwenye mashine ya NMR, na wengi wa waandishi hawa wanayo, anaweza kupima kampaundi yake ndani ya DMSO ileile na kwenye halijoto ileile atakayotumia kwa bakteria. Kama kwenye unga ilikuwa 1.4 kwa shaba na kwenye myeyusho ni 1.8, jozi zimeachana. EPR inaongeza ushahidi wa aina nyingine: shaba moja pweke inatoa mistari minne, ilhali jozi iliyo nzima inatoa mistari saba, pamoja na alama dhaifu kwenye nusu ya uga. Hizi ni tabia ambazo Bleaney na warithi wake walizieleza miongo saba iliyopita. Kipimo kirudiwe baada ya saa 24, kwa sababu bakteria hukaa na dawa usiku kucha.

Kizuizi halisi kiko kwenye kiwango. NMR ya Evans inataka milimola, bakteria wanapewa mikromola, na jozi inayoweza kuachana huachana zaidi kadiri inavyozimuliwa. Tuseme kwenye milimola 5 kipimo kinaonyesha asilimia 90 ya jozi zikiwa nzima, matokeo ambayo yeyote angeyafurahia. Kwa msawazo uleule, kwenye mikromola 10 zinabaki nzima kati ya asilimia 13 na 14 tu, na hiyo ni kabla ya histidini wala albumini kuingia. EPR ya myeyusho uliogandishwa inafika karibu na viwango hivyo, ingawa kugandisha nako kunaweza kusogeza msawazo, na kwa jozi zenye mwingiliano mkali ukubwa wa ile mistari minne unasema moja kwa moja ni shaba ngapi zimeachana. Mtafiti anayeweka mikromola 10 kwenye jedwali la bakteria na daraja zima kwenye mchoro wa fuwele atuonyeshe asilimia hiyo. Ikiwa ni 13, jedwali libadilishwe kichwa, kwa sababu nyingi ya kampaundi iliyowafikia bakteria ilikuwa na shaba moja.